Mkanda Mmoja Uliobaki

Misheni, mlimani
Alhamisi, saa nane mchana

Mwanangu mpendwa Koleta,

Tumsifu Yesu Kristo. Naamini umeitika huko uliko, nyumbani kwa shangazi yako, katikati ya mabegi na mazungumzo yake. Nakusalimu kwa heshima zote, nami namsalimu shangazi na wote waliokupokea jana uliposhuka. Huku mlimani hatujambo. Ukungu ulishuka asubuhi ukapanda tena, njegere za bondeni zimechanua, na magoti yangu ni yale yale uliyoyaacha. Ndiyo yanayonizuia kuja kukuaga kituoni kesho, na kwa hilo nakuomba radhi ya kwanza.

Radhi ya pili ni ya kuchelewa. Siku tuliyorudi kutoka mjini, tulipopumzika pale kwenye daraja la miti, uliniuliza, “Baba, Mzee Damiani amekufahamia wapi?” Nikakujibu kwamba nitakueleza nikipata pumzi. Mwanangu, nilipata pumzi baada ya dakika tano. Imepita miezi minne. Hukuuliza tena, kwa sababu mama yako alikulea vizuri, nami nikaitumia adabu yako kama mahali pa kujificha.

Sitakuandikia habari za nguo nzito, wala za kula kwa wakati, wala za kuandika barua kila mwezi. Hayo shangazi yako anayajua kuliko mimi na sina shaka ameshayasema mara mbili. Miaka mitatu ya kusomea filamu Ulaya itakufundisha mambo nisiyoweza hata kuyakadiria. Mimi nina jambo moja tu la kukupa, nalo limo ndani ya swali lako la darajani.

Nianze na siku ile ya Jumapili, maana wewe uliiona kupitia tundu la kamera na mimi niliiona nikiwa nimekaa.

Ulikuwa umeshapiga picha karibu mwaka mzima. Hakuna ofisi iliyokutuma. Ulikuwa na kamera aliyokuachia yule mwalimu wa kujitolea alipokwenda kwao, kinasa sauti cha kuazima, na ule ukumbi wa Bi Tatu nyuma ya mgahawa wake, ambao ukiingiza watu sitini, wa sitini na moja anasimama uani. Nilishuka mjini kwa sababu nilitaka kuona ni kitu gani kinachomtoa binti yangu nyumbani kila Jumapili mara tu Misa inapokwisha. Nilivaa koti langu la ibada. Vijana waliokuja kwenye bugi, dansi lao la mchana, walinipisha mlangoni, shikamoo zikamiminika, na mmoja mwenye suruali pana kama sketi akaniambia, “Mwalimu, leo umekuja kukagua mahudhurio?” Wenzake wakacheka. Nikamjibu kwamba nimekuja kuona nani hakufanya kazi ya nyumbani. Wakacheka zaidi, na nikapewa kiti cha mbele.

Nilitazama vitu kimoja kimoja, kama mtu anayesahihisha madaftari. Gitaa la pili lilikuwa na uzi mmoja wa waya wa breki ya baiskeli. Ngoma kubwa ilikuwa imevikwa ngozi ya mbuzi, na mpigaji wake, Shomari wa Kisaki, aliniambia kwamba mbuzi huyo alimla yeye mwenyewe katika Idi, kwa hiyo anampiga kwa haki zote. Kikuza sauti kilikula betri ya gari. Bi Tatu alisimama mlangoni na birika mkononi, akiwaambia wanaocheza wasimvunjie vikombe. Na wewe ulikuwa umepiga goti sakafuni, unauzungusha ule ufunguo wa kamera kama saa ya mezani; ilikimbia nusu dakika, ikazima, nawe ukazungusha tena. Nikajiuliza unafanyaje na wimbo unaokatika hivyo. Baadaye ulinieleza kwamba sauti inakwenda yenyewe kwenye kinasa sauti, na picha utaziunga huko mbele. Sikuelewa vizuri, lakini nilipenda jinsi ulivyoeleza.

Kisha Damiani akasimama na tarumbeta.

Sitasema alipigaje. Unayo kwenye mikanda yako. Nitasema tu kwamba nilitazama chini, kwenye chupa yangu ya soda, mpaka alipomaliza.

Bendi ilipopumzika ulimwita akae karibu na dirisha penye mwanga. Ulimuuliza alizaliwa wapi, akajibu. Ulimuuliza bendi ilianzaje, akaeleza habari ya kwenda kupiga Gairo wakati wa mavuno ya karanga na kurudi juu ya magunia, na watu wakacheka. Halafu ukamuuliza, “Mzee Damiani, nani alikufundisha tarumbeta?” Akanitazama. Akakutazama wewe. Akasema kwa upole, “Zima hicho chombo, binti yangu.” Ulidhani umemkosea. Ulimwomba radhi pale pale, na mara mbili zaidi wiki zilizofuata, naye kila mara alikuambia hakuna neno. Siku ile tukirudi uliniambia kwamba filamu yako sasa ina mtu anayepiga tarumbeta kana kwamba aliiokota njiani, na kwamba pale mwanzo pana shimo.

Mwanangu, aliyemfundisha ni mimi.

Ulijua kwamba zamani nilikuwa nafundisha bendi ya shule hapa misheni. Uliiona ile picha sebuleni, wavulana wanane na kofia. Sikukuambia kwamba siku ilipopigwa hiyo picha walipaswa kuwa tisa.

Damiani alikuwa akikaribia kumaliza masomo yake hapa. Alibakiza mwaka mmoja aende chuo cha ualimu. Jumamosi wavulana wakubwa walibeba matenga ya kabichi za misheni kuzishusha sokoni mjini, na yeye hakukosa hata Jumamosi moja. Nilimsifu mbele ya darasa kwa moyo wake wa kazi. Asubuhi moja nikataka kumsaidia kujitwika, nikaona tenga lake linalemea upande. Nikaondoa kabichi mbili za juu. Chini yake, ndani ya gunia, palikuwa na tarumbeta ya shule. Alikuwa akiuza kabichi, kisha anakwenda kupiga na watu wazima katika ukumbi wa dansi, kisha anarudi mlimani na tenga tupu na tarumbeta yake.

Huko ndiko misheni ilikotukataza hata kupita mbele yake. Ungetegemea nimpeleke kwa Paroko. Damiani alisema, “Mwalimu, naomba nikupigie kimoja tu, kisha uniadhibu.” Nilifunga madirisha ya darasa. Akapiga. Alipomaliza nikamwambia, “Rudia.”

Neno hilo ndilo lililoanzisha kosa langu, na mpaka leo sijui kama nalijutia. Kwa miezi mitatu, kila Ijumaa baada ya masomo, tulifunga madirisha naye akanipigia aliyojifunza mjini. Mimi nilimfundisha kuyaandika kwa noti, maana nilisema ni hasara yapotee. Kila Jumamosi nilimsaidia kujitwika tenga, nikijua kilichomo.

Hatimaye mtu mmoja wa parokia alimwona mjini. Tuliitwa wote wawili ofisini. Paroko hakupaza sauti, hakuwa mtu wa kupaza sauti. Aliniuliza, “Mwalimu, ulijua?”

Nikasema, “Sikujua, Padri.”

Damiani alisimama umbali wa hatua mbili kutoka kwangu. Aligeuza uso akanitazama, bila hasira, kama mwanafunzi anayesubiri mwalimu asahihishe alichoandika vibaya ubaoni. Kisha akatazama miguu yake. Angeweza kusema. Noti zilikuwa kwenye daftari, zimeandikwa kwa mkono wangu nusu nzima.

Alifukuzwa shule. Kabla ya hapo alisimama Jumapili tatu mlangoni pa kanisa, kama ilivyokuwa desturi kwa waliokutwa kwenye ngoma, watu wote wakipita mbele yake kuingia na kutoka. Nami nilipewa sehemu yangu katika adhabu hiyo. Vipande vya mdomoni vya matarumbeta vilikaa kabatini kwangu. Nilivigawa wakati wa mazoezi na kuvikusanya baadaye, kila mvulana na chake; Damiani alikuwa akikichukua chake kwa siri, na miezi ile mitatu nikamwachia. Aliyekosa alinyang’anywa kipande chake mbele ya wenzake, na tarumbeta yake ikatundikwa ukutani bila mdomo. Nilikichomoa cha Damiani kwa mkono wangu mwenyewe. Kabatini sikukirudisha. Sikuweza kumpa mvulana mwingine, na sikuweza kumrudishia mwenyewe, kwa hiyo nilikitia mfukoni na kuja nacho nyumbani.

Wewe unakifahamu sana. Ni kile kidude cha shaba ulichokitumia tangu utoto kumiminia mafuta ya taa kwenye koroboi. Marehemu mama yako alikikuta kwenye droo mwaka tuliooana, akaniuliza ni nini. Nikamwambia, “Chuma tu.” Akakitazama, akasema kinafaa kwa koroboi, na ndivyo kilivyokaa jikoni kwetu miaka yote ya ndoa yetu. Sikuwahi kumwambia. Alikufa akidhani alioa mtu ambaye neno lake moja linatosha, na nadhani hicho ndicho kinachonisumbua kuliko mlango wa kanisa.

Naona nimeandika “alioa”, aliolewa. Mkono umechoka, usinicheke.

Ningependa niishie hapo, ili uone kosa la ujana likiwa mbali. Haiwezekani. Unakumbuka zile Jumapili tatu mgambo waliposimama mlangoni kwa Bi Tatu wakakuambia ufunge kamera mpaka ulete kibali? Ulimlaumu jirani yake mwenye baa, kwamba anaona wivu. Mwombe radhi moyoni, hakuhusika. Wiki ile Balozi wetu wa nyumba kumi alikuja hapa. Alikaa, akanywa chai bila sukari kama sisi wote, akasema, “Mwalimu, nimeulizwa huko kata. Binti yako anapiga sinema mjini kila Jumapili. Wewe unajua habari hizo?”

Nilikuwa najua kila kitu. Ulikuwa umenisimulia kila wimbo. Ningemwambia, “Najua, ndugu Balozi, na mimi mwenyewe nimekaa ukumbini, hakuna ubaya,” naye angeandika hivyo, na mambo yangeisha kwenye kikombe cha chai.

Nikasema, “Sijui, ndugu yangu. Vijana wa siku hizi hawatuambii.”

Lilitoka haraka mno. Hakuna aliyenitisha. Nilikuwa mzee katika nyumba yangu, na bado ulimi wangu ulikwenda kule kule ulikokwenda zamani, kwa sababu uliijua njia. Ulihangaika na kibali mwenyewe, ukakipata, lakini katika Jumapili hizo tatu Shomari aliitwa kazini kwake relini, akarudi Kisaki, na ile habari yake ya mbuzi wa Idi hukuipata kwenye filamu. Hilo ni langu. Nakuomba unisamehe, na kama huwezi kunisamehe kabla ya kuondoka, nenda tu salama. Sitaki msamaha wa haraka haraka wa kituo cha basi.

Nadhani nilikuwa nikidhani kwamba uongo wangu ulikuwa mdogo kwa sababu ulikuwa neno moja. Nilijihesabia pia kwamba sikumsingizia Damiani kitu. Alikuwa kweli ameiba tarumbeta, alikuwa kweli amekwenda dansini. Nilijiondoa tu mimi mwenyewe katika habari yake. Sasa wewe unakwenda kufanya kazi ambayo, kama nilivyokuelewa, sehemu yake kubwa ni kuamua nani abaki kwenye picha na nani aondolewe. Sina maarifa ya kukushauri juu ya kazi hiyo. Ninajua tu jinsi inavyokuwa mtu akijiondoa mwenyewe, na jinsi yule anayebaki peke yake anavyoonekana mkosaji kuliko alivyo.

Juzi, ulipokuwa unafunga mizigo, ulinionyesha mkanda mmoja ambao haujatumika. Ulisema ni wa dakika tatu na umeuweka kwa ajili ya kesho, upige milima basi linapoondoka, ili uwe nayo huko. Jana asubuhi nilimpa salamu dereva wa lori la kabichi, ampelekee Damiani pale kwa Bi Tatu, kwamba Mwalimu anaomba aje, kama hataona vibaya.

Amekuja leo saa sita. Alikuwa hajakanyaga hapa misheni tangu alipofukuzwa.

“Shikamoo, Mwalimu.”

“Marahaba, Damiani. Umepanda salama?”

“Nimepanda na lori linalofuata kabichi. Zamani zilinipanda mimi kichwani.”

Nilimkaribisha kiti, akasema ameshakaribia, lakini alisimama kidogo akitazama upande wa kanisa. Nilimletea mahindi ya kuchemsha na maji. Nikaingia jikoni, nikachukua kile kipande, nikampa kwa mikono miwili. “Hiki ni chako,” nikasema.

Alikigeuza. Alikijua mara moja, niliona. Halafu akakinusa, akatoa kicheko kilichoshtua kuku. “Mwalimu! Kinanuka mafuta ya taa!”

Nikamweleza habari ya koroboi. Akacheka mpaka akafuta macho. “Basi kimewaangazia,” akasema. “Kimefanya kazi ya Kikristo kuliko mwenyewe.” Alikisugua kwa ncha ya shati, akakitia mdomoni akapuliza hivyo hivyo bila tarumbeta, kikalia kama nyuki ndani ya chupa.

Tulikaa. Nilimuuliza kwa nini hakukujibu siku ile ukumbini. Alinitazama kama ninayeuliza jambo la kitoto.

“Ningesemaje, Mwalimu? Wewe umekaa pale na koti lako na soda yako. Nikimwambia ni nani aliyenifundisha, atauliza nini kilifuata. Nikuvunjie heshima mbele ya mtoto wako?”

“Ungesema tu. Ni kweli tupu.”

“Hapana,” akasema. “Aanze mkubwa.”

Alichukua hindi la pili akaenda kukaa kwenye benchi la nje, na ndipo nilipochukua karatasi. Namsikia sasa hivi ninapoandika. Amemwambia mke wa jirani kwamba Mwalimu anafanya mtihani na yeye ndiye msimamizi, na kwamba hataruhusiwa kutoka kabla ya kengele.

Basi, Koleta, mimi nimeanza. Kila kilichoandikwa hapa ni halali yako kukitumia. Ukitaka kukisoma kwa sauti yako juu ya picha, kisome. Jina langu usilifiche kwa ajili ya heshima yangu. Lililofichwa limekaa vya kutosha. Lakini yaliyo yake Damiani sina ruhusa ya kukupa. Hayo atayatoa mwenyewe, au atakaa nayo, na akikaa nayo usimsukume.

Nina ombi moja, nalo unaweza kulikataa. Ule mkanda wa dakika tatu usiutumie kwa milima. Milima nitakutunzia. Kesho kabla basi halijaondoka, mweke Damiani mahali penye mwanga, umuulize tena swali lile lile kwa maneno yale yale. Ufunguo ukiisha katikati ya maneno yake, zungusha tena bila haraka. Atangoja. Ni mtu anayejua kungoja.

Bahasha sikuifunga. Nimemwomba aisome yote njiani kabla mwanga haujapotea, na kama akiona haifai kukufikia, aichane na kuitupa bondeni, sitamlaumu. Kwa hiyo kama unasoma mstari huu, ujue kwamba ameshaisoma, na amekubali kukuletea.

Lori linapiga honi. Mungu akutangulie, mama. Msalimu shangazi.

Ni mimi, baba yako mwenye kukupenda na kukuomba radhi,

Mwalimu Aloisi

Kwa mkono wa Ndugu Damiani, mpiga tarumbeta, mwanafunzi wangu.